Filamu Imetoka, Imekwenda Wapi?

Kwa Kiswahili filamu hutoka. Albamu hutoka, gazeti hutoka, na msafiri naye hutoka kwake alfajiri na mzigo wake. Ndiyo maana mtu akiniambia kuna filamu imetoka kuhusu muziki wa pwani, mimi humuuliza: imetoka ikaenda wapi? Manake kila nikifuatilia nakuta imetoka kweli. Imepanda ndege na haijarudi.

Utaratibu wenyewe mnaujua. Watu wanakuja na kamera. Wanakaa wiki tatu, wanakunywa kahawa chungu barazani na wazee, wanarekodi mazoezi ya klabu, wanapanda juu ya paa jua likitua, wanamtafuta bibi kizee mwenye sauti kubwa na meno machache. Kila mtu anatia saini karatasi. Kisha kimya cha miaka miwili. Halafu trela inaingia kwenye simu yako, dakika mbili na nusu, na chini yake orodha ya miji: Amsterdam, Toronto, Leipzig, Durban. Mwaka mwingine unapita. Siku moja unaona tangazo kwamba sasa unaweza kuitazama filamu hii ukiwa nyumbani. Nyumbani kwa nani? Unabonyeza, unaambiwa video hii haipatikani katika nchi yako. Na nchi yako ndiyo hiyo iliyo kwenye picha ya tangazo, na mnazi wake.

Nichukue mfano wa filamu ninayoipenda, nisije nikaambiwa nachagua mnyonge wa kumpiga. *As Old As My Tongue* ilitoka mwaka 2006. Aliyeiongoza ni Andy Jones, Mwingereza, na inamhusu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Unguja. Ni filamu huru: haina studio kubwa nyuma yake, ni watu wachache walioamua kumfuata mwanamke mmoja kwa subira ambayo televisheni haina. Na heshima iko. Bi Kidude hakutiwa ndani ya lile sanduku la "malkia wa taarab" akafunikwa. Ni yule yule tuliyekuwa tukisikia habari zake: sigara mkononi, mdomo usio na breki, mwimbaji wa taarab ambaye pia ni mwalimu wa unyago na mpigaji wa msondo. Kupitia kwake unauona mji. Zanzibar ni mji wa muziki kama miji mingine ilivyo ya bandari au ya viwanda, na ukimfuata mwimbaji mmoja mitaani utafika karibu kila mlango.

Filamu ikazunguka kwenye matamasha, kisha ikawa DVD. Hapo kwenye DVD ndipo penye ugomvi wangu.

Kwa watu wa matamasha, diski ni mwisho wa safari. Filamu imeshasifiwa, imeshapigiwa makofi, imeshapewa cheti, sasa inatiwa kwenye kasha la plastiki ili mwenye hamu aiweke rafuni. Wakosoaji hawaandiki habari za diski. Kwa sisi wa huku ni kinyume kabisa. Kutoka Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120. Hakuna mtu wa Maweni au Kisumu Ndogo atakayepanda matatu akatazame filamu ya taarab kwenye ukumbi wa Nyali, tena usiku, arudi na nini? Kwetu filamu inatoka ile siku inapoingia ndani ya nyumba. Kabla ya hapo ni habari tu, kama habari za harusi ya watu usiowajua.

Na diski za filamu za aina hii ziliuzwaje? Kwa kadi ya benki, kwa pauni au yuro, na posta juu. Kuna na kichekesho kingine ambacho vijana wa sasa hawakijui. DVD zilikuwa na mipaka. Kampuni kubwa za filamu ziliigawa dunia mafungu, kila fungu na namba yake: Ulaya Magharibi ilikuwa namba 2, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika namba 5. Diski iliyofungwa kwa namba ya Ulaya ilitakiwa isicheze kwenye deki ya Kilifi. Bahati yetu deki za Kichina hazikujali mambo hayo, zilicheza chochote ulichoziwekea, hata diski iliyokwaruzwa na paka. Lakini fikiria wazo lenyewe. Mtu alikaa mezani akaamua kwamba picha ya mwanamke wa Unguja akiimba Kiswahili ikitiwa ndani ya diski ya London isifunguke Unguja.

Sasa kuna mtu ataniambia: hiyo ni Zanzibar, wewe wa Malindi yakuhusu nini? Yanihusu. Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, watu wa kule walizoea kuiita Malindi tu, kwa sababu makao yake yako mtaa wa Malindi. Ron Mulvihill amewatengenezea filamu kuhusu miaka mia yao. Nayo iulize imekwenda wapi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, santuri hizo hazikukaa Ng'ambo. Muziki wa pwani hii haujawahi kuheshimu mpaka wa Vanga. Na sisi wenyewe si wageni: Juma Bhalo, yule aliyezichukua tuni za filamu za Kihindi akazitia mashairi ya Kiswahili mpaka ukasahau zilikotoka, ni mtoto wa Malindi. Ukitaka kujua kama mji wetu ni mji wa muziki, kaa ndani ya tuktuk yoyote pale sokoni dakika kumi. Utasikia taarab ya zamani, singeli, bango la Mzee Ngala, na Mgiriama mmoja ambaye hujawahi kumsikia redioni akiimba juu ya kinanda cha umeme kuhusu shemeji yake. Yote yanatoka kwenye flashi moja.

Hapo ndipo naudhika, kwa sababu pwani ilikuwa inajua kutoa kazi nyumbani kabla wengi wenu mnaosoma hapa hamjazaliwa. Muziki wa Juma Bhalo, wa Zein l'Abdin, wa Maulidi Juma, haukutufikia kwa tamasha. Ulitufikia kwa kanda. Pale Mji wa Kale, Mombasa, palikuwa na duka la Mbwana Radio Service, wenyewe wakirekodi, wenyewe wakinakili, wenyewe wakiuza. Kanda ilitoka Mombasa ikafika Lamu, Malindi, Tanga, Muscat. Aliyekuwa hana hela aliazima kwa jirani akanakili juu ya kanda ya mawaidha, na ndugu zake wakamsema. Hiyo ni mitambo ya usambazaji, jamani. Haikuhitaji mtu wa kutoka Leipzig kuithibitisha.

Na video? Video tulikuwa nazo. Ziliitwa video za harusi.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu watu wa filamu wakizisikia hucheka. Video ya harusi: saa nne, taa kali usoni, maua yanayozunguka kwenye pembe za picha, jina la bwana na bibi harusi kwa maandishi ya dhahabu. Cheka utakavyo. Lakini ukitaka kumwona mwimbaji wa taarab wa Kenya akiwa kazini kweli, akituzwa, akirudia ubeti kwa sababu mama fulani amesimama na noti mkononi, utamkuta humo. Ukitaka kuona chakacha, vugo na lelemama vikichezwa na watu wanaojua na hawachezei kamera ya mgeni, ni humo. Hakuna hifadhi ya taifa iliyo na haya. Yako chini ya vitanda, Shela na Majengo, ndani ya mifuko ya rambo, na unyevu wa bahari unayala. Kanda ya VHS ikipata ukungu, ukungu ule ni mweupe kama unga, na ukiitia kwenye deki unaua vyote viwili.

Tena video hizo zilikuwa na sheria zake za kutoka, na sheria zilikuwa kali kuliko namba za DVD. Upande wa wanawake ulirekodiwa na mwanamke. Nakala zilihesabiwa. Hii ni ya mama harusi, hii ya khalati aliye Jeddah, hii ya wa Muscat, na haikutiwa posta, ilibebwa mkononi na mtu anayeaminika. Mwanamume hakuitazama. Basi nisisikie mtu akisema kwamba watu wa pwani hawaelewi mambo ya haki na ruhusa. Tulielewa kwamba swali la kwanza juu ya picha ya mtu ni nani ataiona, na kwa idhini ya nani. Wanaokuja na karatasi za Kiingereza za kutiwa saini ndio hawaelewi, kwa sababu karatasi zile humwuliza mwimbaji swali moja tu: unakubali tuitumie popote duniani milele? Mama wa watu anakubali. Popote duniani, isipokuwa kwake.

Mwaka jana nakala ya filamu moja ya taarab ilinifikia kwa flashi, msiniulize kutoka kwa nani. Nikamwekea nyanya yangu. Nilidhani atatazama kama tunavyotazama sisi, kimya, mpaka mwisho. Hakufika mwisho siku hiyo. Kila baada ya dakika mbili tatu: "Rudisha hapo, mwanangu." Narudisha. "Tena." Narudisha tena. Hakuwa akimtazama nyota. Alikuwa akitazama waitikiaji, wale wanawake watatu wa nyuma ambao kamera inawapitia tu ikienda kwingine. Mmoja alimjua, ametoka Malindi kuolewa Unguja miaka ya sabini. Wa pili alimwangalia leso: "Leso ile ilitoka mwaka wa harusi ya mamako mdogo, na yule huivai ovyo, basi siku hiyo palikuwa na jambo." Wa tatu akanyamaza kidogo, kisha akasema marehemu yule. Filamu nzima haikuwataja hata mmoja. Majina ya mwisho yaliyopanda kwenye kioo yalikuwa ya madereva, wafadhili, na mtu wa kurekebisha rangi.

Hicho ndicho tamasha haliwezi kukupa. Nina heshima na ZIFF, tangu 1998 wanatandika kitambaa Ngome Kongwe na kupeleka filamu hadi mashamba. Lakini kwenye onyesho la usiku mmoja huwezi kumwambia mwenye mashine arudishe. Huwezi kusimamisha picha ukamwita jirani aje aangalie. Filamu kuhusu mji wa muziki imejaa watu ambao mtengenezaji hakuwajua, na waliokuwa wakiwajua wako hapa, na wanaondoka. Bi Kidude alifariki 2013. Juma Bhalo 2014. Zein 2016. Hao ni wenye majina. Waitikiaji, wapiga tari, wazee wa zumari, hao hawatangazwi. Kila mwaka ambao filamu inakaa kule nje ikingoja zamu yake, huku idadi ya wanaoweza kusema "yule ni fulani" inapungua. Filamu inabaki na nyuso zisizo na majina, halafu baada ya miaka thelathini mtafiti atakuja na ruzuku kutafuta majina yale yale.

Nawasikia wenye pingamizi. La kwanza huwa ni uharamia. Ukitia filamu kwenye diski au flashi na kuiuza Malindi, ndani ya siku mbili imenakiliwa kila banda. Sawa. Na sasa hivi hali ikoje? Filamu hizi zimeshakatwa vipande na kutiwa YouTube na mtu asiyejulikana, sauti imepanda, picha imegeuzwa kushoto kulia ili mashine zisiitambue, na msanii hapati hata thumni. Uharamia hauingii pale palipo na duka. Unaingia pale ambapo watu wanataka kitu na hakuna anayewauzia. River Road pale Nairobi walilijua hilo zamani: filamu zao za bei ya chini waliziuza wenyewe barabarani, kwa watu wale wale waliokuwa wakinunua za kuibwa. Hawakuwa malaika na filamu nyingine zilikuwa mbovu, lakini mnunuzi hakuambiwa kwamba haipatikani katika nchi yake.

La pili: lakini zama za diski zimekwisha, dada, kila kitu kiko mtandaoni. Hili linasemwa na watu wenye Wi-Fi. Mimi sing'ang'anii plastiki. Ninachotaka ni kitu kinachokaa ndani ya nyumba, kisichokula bando na kisichoweza kufutwa na mtu aliye mbali. Mwaka 2021 Netflix ilitufungulia Wakenya mlango wa bure kwenye simu, tukashangilia, na mwaka 2023 ikaufunga. Hiyo ni haki yao, ni mlango wao. Lakini kumbukumbu ya mji huwezi kuining'iniza kwenye mlango wa mtu mwingine. Flashi ya mwimbaji wa taarab haifungwi na mkutano wa California.

Na soko lipo, lipo kila siku. Matatu ya Malindi–Mombasa ina kioo na tundu la USB na abiria ambao hawana pa kwenda kwa saa mbili na zaidi. Banda la video Maweni linaonyesha Ligi ya Uingereza wikendi na katikati ya wiki linatafuta kitu cha kujaza. Kinyozi ana televisheni. Fundi wa simu anakutilia muvi kwenye memori kadi kwa bei ya chapati mbili. Hao ndio wasambazaji wetu, na hakuna mtengenezaji wa filamu za muziki niliyewahi kumsikia akizungumza nao. Wanazungumza na mabalozi.

Jambo la lugha nalo. Filamu nyingi hizi zinamwonyesha mwimbaji akizungumza Kiswahili kitamu, maandishi ya Kiingereza yakipita chini, kisha anakuja mtaalamu anaeleza kwa Kiingereza mwimbaji alimaanisha nini, na chini yake hakuna maandishi ya Kiswahili. Maana yake filamu inajua ni nani hayuko chumbani. Wala msiseme ni gharama. Banda la video lilishamaliza tatizo hili kwa mtu mmoja na maikrofoni. DJ Afro amewatafsiria Wakenya filamu za Kihindi na za Kichina miaka yote hii, Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wako na VJ Jingo. Mpe mmoja wa hawa filamu ya taarab uone kama wazee hawatajaa. Watabishana naye, ndiyo. Ni bora hivyo.

Wapo waliofanya vizuri. Ketebul Music, kazi ya Tabu Osusa na wenzake Nairobi, mwaka 2008 walitoa *Retracing the Benga Rhythm*: kitabu, CD na DVD pamoja, unashika mkononi, unafungua, unasoma majina. Benga ilipata bahati hiyo. Mwanzele haujapata. Na nje ya Afrika Mashariki kuna mfano wa zamani zaidi ambao kila anayetaka kufilimu mji wa muziki angepaswa kuukariri. Mwaka 1972 Perry Henzell alimaliza *The Harder They Come*, filamu ya Kingston, ya studio zake na wanaonyonywa na studio hizo, Jimmy Cliff akiwa mbele. Watu wake wanazungumza Kijamaika, tena kile cha mtaani, mpaka kule Marekani ikabidi iwekewe maandishi chini. Na ilianza Kingston, ukumbi wa Carib, umati ukafurika. Baada ya hapo ndipo Henzell akaibeba mwenyewe nchi hadi nchi. Dunia haikuikataa kwa sababu Kingston waliiona kwanza. Walichopewa watazamaji wa kwingine ni filamu ambayo wenyewe walishaipitisha.

Sisi je? Nakuja Kilifi, kwa sababu Kilifi sasa ndiyo inayopigwa picha kuliko Malindi. Kila mwisho wa mwaka mji unajaa. Beneath the Baobabs inawaleta watu kutoka Nairobi na mbali zaidi, na mimi nimo, sijifanyi mtakatifu, nimecheza mpaka miguu ikavimba. Januari zinaanza kutoka video, za kila aina ya watu. Mbuyu kutoka juu, bahari, mwanga wa zambarau, DJ kafumba macho. Halafu, sekunde nne, wapiga ngoma wa Kigiriama, kayamba zikitikiswa, mama mmoja na hando lake. Sekunde nne. Hakuna jina la kundi, hakuna kijiji, na aghlabu hata sauti yao imetolewa, juu yake umewekwa mdundo wa mtu mwingine. Wanaonekana wakipiga na hawasikiki! Ni sawa na zile hoteli ambazo tangu *Jambo Bwana* ya Them Mushrooms itoke mwaka 1982 zimeamua kwamba muziki wa pwani ni wimbo mmoja, upigwe wageni wakishuka kwenye basi.

Ninajua kuna vijana hapa hapa, Kilifi na Malindi, wanaofanya filamu zao wenyewe, wana kamera nzuri na macho mazuri, na nao wameshaanza ugonjwa huu. Filamu ya dakika ishirini kuhusu mzee wa bung'o, imekamilika, imefungiwa kwenye akaunti yenye nywila, kwa sababu tamasha fulani la Ulaya halikubali filamu iliyokwisha kuonekana na watu. Tamasha limesema isionekane, basi mzee mwenyewe haruhusiwi kuona uso wake. Bro, unamlinda nani? Wakikukataa Machi, na Juni, na Septemba, mzee atakuwa na umri gani?

Sheria, kwa kiasi fulani, iko upande wetu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtambua mtumbuizaji, kwamba naye ana haki juu ya utumbuizaji wake kurekodiwa na kusambazwa, si mwenye kamera peke yake. Basi tuitumie kabla ya kutia saini, si baada ya kulia. Karatasi iwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele ya kundi zima. Iseme kwamba filamu ikimalizika, kundi linapata nakala safi kabla ya tamasha lolote, na linapata haki ya kunakili na kuuza ndani ya Afrika Mashariki, pesa zikae kwao. Mwimbaji wa taarab ana jukwaa kila wikendi, ana watu waliokuja na noti za kutuza. Muuzaji gani wa filamu ana bahati hiyo? Atauza flashi mia moja kwenye harusi tatu, M-Pesa papo hapo, na hatahitaji wakala. Mtengenezaji abaki na dunia iliyobaki. Ni kubwa, itamtosha.

Na waitikiaji waandikwe majina. Kama huyajui, leta nakala mbichi, kaa barazani, simamisha picha, uliza. Siku moja tu, na kahawa. Ukifika ule upande wa wanawake na ukaambiwa hiki kisitoke, kitoe, usilete hoja za sanaa. Waliokuambia hivyo wamekuwa wakitoa video tangu enzi za VHS.

Kwa hivyo wewe unayekuja Disemba na ndege yako ndogo isiyo na rubani, karibu. Nakuonya tu kwamba swali utakaloulizwa Malindi litakuwa hilo moja, na halitakuwa kuhusu tuzo. Nyanya yangu ana miaka themanini na minne. Deki yake ilishakufa zamani, tumeigeuza stuli ya kuwekea redio, lakini televisheni ina tundu la USB, upande wa kushoto kwa nyuma, na flashi lazima uisukume kidogo kwenda juu ndipo isome.